Matembezi kwa Ajili ya Waliosahau

Fikirini mama mmoja anayetoka kijijini alfajiri, jembe begani, akienda mwendo wa saa nzima hadi shamba lake. Jioni anarudi na kikapu cha mihogo mgongoni na kuni juu ya mihogo. Mama huyo akiambiwa kwamba huko Marekani watu elfu na elfu huamka siku ya posho, huvaa viatu, hutembea kilometa tatu au tano, kisha hurudi palepale walipoanzia, bila mzigo, bila biashara, wala hawakwenda kumzika mtu, bila shaka atacheka. Atauliza: «Walikuwa wakitafuta nini?»

Ulizo lake ni la haki. Watu wale wanatembea kwa ajili ya wazazi, waume, wake na ndugu ambao akili yao ilipotea kidogo kidogo, hata wakasahau majina ya watoto wao. Wengi wa hao wamekwisha kufa. Wanaotembea wanawakumbuka wale ambao hawakuweza tena kukumbuka, nao wanakusanya fedha ili ugonjwa ule uchunguzwe na wagonjwa wasaidiwe. Lakini jibu hilo halieleweki vema kama ugonjwa wenyewe haujulikani. Basi tuanze na ugonjwa.

I. Kusahau kwa mzee na kusahau kwa mgonjwa

Kila mtu husahau, na mzee husahau kuliko kijana. Mzee aliyesahau mahali alipoweka panga lake si mgonjwa. Atalitafuta, atakasirika, atalipata nyuma ya mlango. Lakini mzee anayeshika panga mkononi na kuuliza kitu hiki ni cha kazi gani, huyo amepatwa na jambo jingine. Vilevile anayesahau jina la mgeni aliyepita mwaka jana si mgonjwa. Anayemwuliza mke wake wa miaka arobaini, «Mama, wewe ni wa ukoo gani? Umefika lini hapa?», huyo anahitaji kupelekwa kwa mganga wa hospitali.

Ulizo. – Je, ugonjwa huu si uzee tu?

Jibu. – Hapana. Wazee wengi hufika miaka themanini na akili yao ni nzima. Ugonjwa huu unaharibu ubongo wenyewe, kama vile ugonjwa mwingine unavyoharibu mapafu au ini. Uzee unaufungulia mlango, lakini uzee sio ugonjwa.

Jambo hili si la siku hizi. Yoshua bin Sira, aliyeandika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, katika sura ya 3 ya kitabu chake anamtaja baba mzee aliyepungukiwa akili, na anamwagiza mwana amvumilie. Kwa hiyo wazee wa namna hiyo walikuwako tangu kale. Ila sababu ya kupungukiwa huko haikujulikana.

Aliyeanza kuitambua ni mganga wa Ujerumani aliyeitwa Alois Alzheimer. Tarehe 25 Novemba 1901 mwanamke mmoja, jina lake Auguste Deter, mwenye miaka 51, aliletwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Frankfurt. Mume wake alikuwa karani wa reli. Kwanza mke alianza kumwonea wivu bila sababu. Baadaye akawa anaficha vitu vya nyumbani, anakokota shuka huku na huku, anapiga kelele usiku. Alzheimer aliketi naye na kumwuliza maulizo mepesi, naye akaandika kila jibu. Jina lake alilijua: Auguste. Alipoulizwa jina la mume wake, alijibu lile lile la kwake. Alikuwa akila nyama ya nguruwe pamoja na mboga. Alipoulizwa anakula nini, akasema ni mchicha wa kizungu. Tena alisema maneno yenye maana hii, kwamba amejipoteza mwenyewe. Wenye kutunza wagonjwa kama huyo wanajua kwamba hivyo ndivyo ilivyo: mwanzoni mgonjwa mwenyewe anasikia kwamba kitu kinamtoka, naye anaogopa. Watu wengine husahau hofu hiyo, wakidhani kwamba asiyejua kitu haumizwi na kitu.

Auguste Deter alikufa tarehe 8 Aprili 1906. Ubongo wake ulipelekwa kwa Alzheimer, ambaye wakati ule alikuwa katika mji wa München. Alipoutazama kwa darubini aliona mambo mawili: uchafu ulioganda katikati ya chembe za ubongo, na nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe zenyewe. Tarehe 3 Novemba ya mwaka ule alieleza habari hiyo mbele ya waganga wenzake katika mji wa Tübingen. Hakuna aliyemwuliza neno. Wakapita kwenye habari nyingine. Mwaka 1910 mwalimu wake, Emil Kraepelin, aliuita ugonjwa kwa jina la Alzheimer katika kitabu chake, na jina hilo limebaki.

Yako magonjwa mengine pia yanayoharibu akili ya wazee, kama vile yale yanayotokana na mishipa ya damu iliyoziba kichwani. Lakini katika wagonjwa 100 wa namna hii, 60 hata 70 wana ugonjwa wa Alzheimer. Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na magonjwa ya kupotewa na akili, na zaidi ya nusu yao ni watu wa nchi zenye mali kidogo au mali ya kadiri. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu.

II. Mwenye mali aliyekosa msaada

Katika mji wa Chicago aliishi mfanya biashara aliyeitwa Jerome Stone, wa jamaa yenye viwanda vya makasha ya karatasi ngumu. Mwaka 1970 waganga walimwambia kwamba mke wake, Evelyn, ana ugonjwa wa Alzheimer. Stone alikuwa na fedha, alijuana na wakubwa, na aliishi katika mji wenye hospitali kubwa. Walakini alipotafuta msaada hakupata kitabu cha kumfundisha, wala chama cha kumshika mkono, wala mtu wa kumwambia kesho itakuwaje. Mwenye nyumba kubwa alikuwa sawa na mwenye kibanda: wote wawili walikaa usiku pamoja na mtu anayeuliza neno moja mara mia.

Stone alitafuta watu wengine waliokuwa na taabu kama yake. Mwaka 1979 jamaa za wagonjwa waliotoka sehemu mbalimbali za Marekani walikutana na wakubwa wa taasisi ya serikali inayochunguza mambo ya uzee, na mwaka 1980 chama chao kilianzishwa, Stone akawa mkubwa wake wa kwanza. Evelyn alikufa mwaka 1983. Stone mwenyewe aliishi hadi mwaka 2015, akafikisha miaka 101. Alikuwa amemwuguza mke wake miaka kumi na mitatu, na baada ya kufiwa hakukiacha chama.

Mwanzoni fedha ilitoka hasa kwa wenye mali. Mcheza sinema mwenye sifa kubwa, Rita Hayworth, alipatwa na ugonjwa huu, akafa mwaka 1987. Binti yake, Yasmin, ambaye kwa upande wa baba ni wa jamaa ya Aga Khan inayojulikana katika Afrika ya Mashariki kwa shule na hospitali zake, alikuwa akiandaa karamu kubwa kwa jina la mama yake, na fedha ya karamu ikaenda kwenye uchunguzi wa ugonjwa. Kazi hiyo ilikuwa njema. Lakini mlangoni pa karamu ya namna ile hapiti mwalimu wa shule, wala mwashi, wala mjane mwenye watoto wanne. Na ugonjwa ulikuwa umeingia katika nyumba zao pia.

Ndipo mwaka 1989 matawi 9 ya chama yalifanya matembezi ya kwanza. Yaliitwa Matembezi ya Kumbukumbu. Walitembea watu 1,249, wakakusanya dola 149,000, maana yake dola 119 hivi kwa kila mtu. Kwa nchi kubwa kama ile, hesabu hiyo ni ndogo; masoko mengine ya Kongo yana watu wengi zaidi siku moja. Lakini mwaka uliofuata walirudi, na mwaka mwingine tena, nao wakaongezeka. Sasa matembezi hayo yanafanyika kila mwaka katika miji zaidi ya 600, hasa tangu mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja, jua la kiangazi likiisha kupoa. Uingereza nako kiko chama kilichoanzishwa mwaka 1979, na watu wake hutembea vivyo hivyo.

Jina la kwanza la matembezi ya Marekani limebadilishwa. Siku hizi yanaitwa Matembezi ya Kumaliza Ugonjwa wa Alzheimer. Jina jipya linatazama mbele, na wenye kukusanya fedha wanalipenda kwa sababu linaonyesha kusudi. Lakini lile la zamani lilikuwa karibu zaidi na moyo wa mtu aliyefiwa.

III. Kwa nini miguu huleta fedha

Ulizo. – Mtu akitembea, fedha inatoka wapi? Njiani hakuna dhahabu.

Jibu. – Inatoka kwa wengine. Majuma mengi kabla ya siku yenyewe, watu wa jamaa moja, au wa kazi moja, au wa shule moja, hufanya kikundi na kuchagua mkubwa wa kikundi. Kila mmoja huwaendea ndugu, jirani na wenzi wake wa kazi, akawaambia: «Nitatembea siku fulani kwa ajili ya marehemu mama yangu. Unisaidie.» Mwenye dola tano anatoa tano, mwenye mia anatoa mia. Anayetembea hatozwi kitu mlangoni. Hata asiye na fedha anaweza kutembea.

Mtu mwingine atasema: kama fedha ni kwa wagonjwa, kwa nini wasiombe tu, wabaki nyumbani? Aliyehudhuria kilio cha kijiji anaelewa. Mtu akifiwa, yuko ndugu anayetuma mbuzi naye hakuja. Na yuko mwingine anayekuja kwa miguu siku mbili, mikono mitupu, akaketi chini pamoja na wafiwa. Mbuzi ataliwa. Aliyekuja kwa miguu atatajwa miaka na miaka. Mwenye kuomba akiwa ameketi kitini anaomba kwa mdomo tu. Mwenye kuomba akitembea ameweka mwili wake pamoja na maneno yake, na anayeombwa anaona haya kukataa. Tena liko jambo jingine. Katika miji ya Marekani mtu anaweza kumtunza mume mgonjwa miaka minane katika nyumba iliyofungwa, na jirani wa ukuta asijue. Siku ya matembezi anatoka nje, anaona watu elfu wenye taabu ile ile. Wengine wanasema kwamba hilo peke yake linawatosha, hata kabla fedha haijahesabiwa.

Fedha hiyo inafanya kazi mbili kubwa. Ya kwanza ni kusaidia wenye kutunza. Huko Marekani watu zaidi ya milioni 11 huwatunza wagonjwa wa namna hii bila mshahara. Ni mabinti, wake, waume na wakwe. Chama kina simu inayojibiwa mchana na usiku, siku zote za mwaka. Asidharau mtu jambo hilo. Saa nane ya usiku mzee amefungua mlango na kutaka kwenda kazini, kazi aliyoiacha miaka ishirini iliyopita. Binti yake hawezi kumzuia kwa nguvu wala hawezi kumwacha. Saa ile hakuna mganga aliye macho kwa ajili yake, lakini iko sauti katika simu inayomwambia afanye nini.

Kazi ya pili ni kuwalipa wataalamu wanaochunguza ugonjwa. Hapa lazima kusema ukweli bila kupamba. Mwaka 1984 wataalamu walitambua ule uchafu ulioonwa na Alzheimer umefanywa na kitu gani, wanakiita amiloidi. Tangu hapo wametafuta dawa ya kuuondoa, na dawa nyingi zilishindwa. Mwaka 2023 serikali ya Marekani ilikubali dawa iitwayo lekanemabu. Katika majaribio ya miezi 18, ugonjwa wa waliopewa dawa ulikwenda polepole kuliko ule wa wenzao, tofauti ikiwa kama robo. Haiponyi mtu. Inafaa mwanzoni mwa ugonjwa tu, katika majaribio hayo ilitiwa katika mshipa wa damu, na inaweza kuleta uvimbe au kutoka damu katika ubongo. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Basi fedha yote ya matembezi ya mwaka 1989 isingetosha kuwapa watu sita dawa hiyo mwaka mmoja.

Uchunguzi umeleta pia habari isiyo na bei. Mwaka 2024 kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali walitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya magonjwa haya. Wakasema kwamba kama yangeondolewa yote, karibu wagonjwa 45 katika 100 wangeokoka au wangecheleweshwa. Katika mambo hayo yamo damu yenye shinikizo kubwa, ugonjwa wa sukari, tumbako, pombe nyingi, kupigwa kichwani, kuishi peke yake bila wenzi, hewa chafu, macho na masikio yasiyotunzwa, kukosa shule utotoni, na kutotembeza mwili. Yule mama wa mwanzo, anayecheka, kwa jambo la mwisho hana deni. Huenda kwa jambo la shule ananyimwa.

IV. Mwenye kutembea usiku

Yako matembezi mengine, ambayo hayana kikundi wala maua. Mgonjwa mwenyewe hutembea. Jua likishuka, akili yake inazidi kuchafuka. Anasimama, anatafuta mlango, anataka kwenda «nyumbani», naye yuko nyumbani. Nyumba anayoitafuta ni ile ya utoto wake. Anatoka bila nguo, anazungumza na ndugu waliokufa kana kwamba wako mbele yake, anasimama mlangoni pa jirani na hajui kwa nini amesimama pale. Mchana anaficha fedha yake ndani ya sufuria, kisha anasahau, na anamshtaki mkwe wake kwamba ni mwizi.

Mtu asomaye haya amekwisha kusikia jina linalopewa mzee kama huyo katika vijiji vingi. Nani hutembea usiku uchi? Nani huzungumza na wafu? Nani husimama mlangoni pa watu wanaolala? Watu wanajibu upesi: mchawi. Wachunguzi wa Brazzaville wameandika kwamba wagonjwa wengine wa kupotewa na akili walishtakiwa uchawi na watu wao wenyewe. Na mwaka 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake kadhaa waliuawa na makundi ya vijana kwa shtaka la uchawi, wengine kwa moto. Wanawake wale hawakupimwa na mganga, basi hakuna awezaye kusema walikuwa na ugonjwa gani au kwamba walikuwa nao. Linalojulikana ni kwamba shtaka lenyewe hupenda kumwangukia mjane mzee, asiye na mwana wa kumsimamia.

Wala mtu asiseme kwamba ugonjwa huu hauko katika Afrika. Mwaka 2008 na 2009 wataalamu waliwapima wazee wa miaka 65 na zaidi katika Bangui na Brazzaville. Walikuta ugonjwa wa kupotewa na akili kwa watu 8 hivi katika 100 huko Bangui, na 7 hivi katika 100 huko Brazzaville. Kinshasa nako wazee wamechunguzwa katika miaka hii, na waganga wa Kongo wamo katika kazi hiyo.

Ulizo. – Mzee wa nyumba akianza kupotewa, watu wake wafanye nini kwanza?

Jibu. – Waulizane: Ilianza lini? Kama akili imechafuka kwa ghafula, jana alikuwa mzima na leo hajui alipo, basi apelekwe hospitali siku ile ile. Huenda ni malaria, huenda ni homa nyingine, huenda ni dawa aliyokunywa isivyopasa, na hayo hutibiwa. Kama analala mchana na kukesha usiku, na tabia yake imegeuka, apimwe ugonjwa wa malale, ambao katika Kongo haujakwisha. Siku hizi wagonjwa wake wengi hutibiwa kwa vidonge. Kaswende ya siku nyingi, damu iliyopungukiwa vitamini, huzuni kubwa baada ya kufiwa, hayo pia hufanana na kupotewa na akili, na kila moja lina dawa yake. Mzee wa namna hiyo akipelekwa kwa mpiga ramli, au akifukuzwa, anapotea mtu ambaye angeweza kupona. Kama mambo yalianza pole pole, mwaka baada ya mwaka, na mganga wa hospitali hakuona sababu nyingine, ndipo watu wajue kwamba ni ugonjwa wa ubongo.

Hapo hakuna dawa ya kumrudisha, lakini liko jambo la kufanya, nalo halidai dola. Mgonjwa asibishiwe. Akisema kwamba mama yake anakuja leo, asiambiwe kila mara, «Mama yako alikufa zamani». Kwake yeye kifo hicho ni kipya kila anapokisikia, naye atalia kilio kipya. Aulizwe habari za mama huyo, atulie. Asipimwe mbele ya wageni, «Nkambo, huyu ni nani? Mtaje!», kwani wanaocheka ni wageni, anayeona haya ni yeye. Mtu amwendee kwa mbele, polepole, ataje jina lake mwenyewe kwanza: «Shikamoo, nkambo, ni mimi, mtoto wa binti yako.» Apewe kazi ya mikono aliyoizoea, kama kupukuchua maharagwe, hata kama yatapukuchuliwa tena baadaye bila yeye kuona. Aimbishwe nyimbo za ujana wake; mara nyingi nyimbo hubaki wakati maneno mengine yamekwisha kwenda. Usiku mlango ufungwe kwa kitu kinachopiga kelele, kama kopo lenye mawe, ili anayelala asikie. Na jirani waambiwe mapema, mchana, kwa maneno wazi: «Mzee wetu ni mgonjwa wa kichwa. Mkimwona njiani, mshikeni mkono, mumrudishe.» Nyumba inayoficha ugonjwa kwa sababu ya haya inawaachia watu wengine nafasi ya kuutafutia jina.

Jambo moja husahauliwa karibu na watu wote, nalo ni yule anayetunza. Kwa kawaida kazi yote humwangukia binti mmoja au mkamwana mmoja. Ndugu wa mjini hutuma sabuni na salamu. Siku ya matanga watafika wote, watalia kwa nguvu, watashona nguo za sare. Ndugu anayetaka kumkumbuka mama yake vema aje mapema, akae usiku mmoja katika nafasi ya dada yake, ili dada alale. Huko Marekani pia wako wanaotembea siku moja kwa mwaka na picha ya baba kifuani, ambao baba alipokuwa hai hawakumtembelea. Miguu haikatazwi kwa watu hao. Labda wanatembea kwa sababu hiyo hasa.

V. Maua

Imebaki kueleza jambo ambalo yule mama wa shamba angetaka kuliona kwa macho. Asubuhi ya matembezi, kabla ya kuanza njia, kila mtu huchukua ua. Si ua la shamba. Limetengenezwa kwa plastiki, lina kijiti, na upepo ukipiga linazunguka. Watu huandika kwa wino juu yake jina la mgonjwa wao au la marehemu wao. Ua la rangi ya bluu ni la mgonjwa mwenyewe; wako wagonjwa wa mwanzo mwanzo wanaotembea, ndugu akiwashika mkono. Ua la zambarau ni la aliyefiwa. La manjano ni la anayemtunza mgonjwa aliye hai. La rangi ya chungwa ni la mtu asiye na mgonjwa nyumbani, lakini amekuja.

Wote wakikusanyika, wanaitwa kwa rangi, rangi moja baada ya nyingine, na kila wanaoitwa huinua maua yao juu. Zambarau ni mengi. Manjano ni mengi pia, na wenye kuyashika mara nyingi ndio wenye nyuso za kuchoka. Mtu asiyezungumza na mwenzake mwaka mzima katika barabara ile anaona ua la jirani, anasoma jina, anafahamu.

Kisha linaletwa ua moja jeupe. Hilo halina jina juu yake. Limewekwa kwa ajili ya mtu wa kwanza atakayeugua ugonjwa huu na kupona. Mara nyingi anayelibeba ni mtoto, na hadi leo ua hilo halijapata mwenyewe. Mtoto analiinua, watu wanalitazama, kisha wanaanza kutembea.